Keki ya Kogo

25 Novemba, Jumanne

Mama ameniponza, na hajui.

Jumamosi watu wa Kipkirui walikuja kutoka kijijini kwao, Ziwa, kumaliza mazungumzo ya harusi yake na dada yangu Akumu. Nilipika peke yangu tangu alfajiri: samaki wa nyanya, kuku wa kienyeji, mboga ya managu kwa maziwa, chapati sitini, ugali wa wimbi kwa wazee. Nikiwa jikoni siogopi mtu. Mkono wangu unajua chumvi bila kijiko. Ni kutoka jikoni na kusalimia wageni ndiko kunakonitoa jasho, kwa hivyo nilipitisha sahani mlangoni na Akumu akazibeba.

Walikula wakakwangua sahani. Kisha mjomba mmoja akafuta mdomo na kuuliza, “Mama Akumu, chakula hatuna neno. Na keki za harusi mtatoa wapi?”

“Keki zote atapika huyu mdogo wake,” Mama akasema. “Huyo ni fundi.”

Nilikuwa nyuma ya pazia na mwiko mkononi. Sijawahi kuoka keki hata moja.

Harusi ni tarehe ishirini Desemba. Keki ni tatu: ya maharusi kukata, ya kupewa Mama, na ya kupewa upande wao. Hiyo ya tatu ndiyo inayonitisha. Atakabidhiwa nyanya yake Kipkirui, wanayemwita Kogo, mbele ya watu wote, ikiwa nzima. Haikatwi pale. Itasafiri hadi Ziwa, ikatwe Jumapili mbele ya ukoo mzima, na mimi sitakuwepo kuona kilicho ndani.

26 Novemba

Mvua. Haifai kunyesha hivi mwezi huu. Watu wana mahindi nje.

27 Novemba, Alhamisi

Sisi hatuna oveni. Shangazi yake Kipkirui anayo, na anakaa huku huku mtaani kwetu Kapsoya, Eldoret, nyumba ya tatu kutoka kwa kona. Watu humwita Mama Kim. Alifundisha upishi chuoni hadi akastaafu. Akumu ndiye aliyeniombea, na leo nikaenda na karatasi ya mapishi ya Anti Purity, dada yake Mama, ambaye huoka keki za kuuza Kisumu na hajawahi kurudishiwa hata moja.

Mama Kim ni mrefu na haongei. Alinipa chai kwanza. Nikainywa nikiwa nimesimama.

“Unajua kuwasha hii?” akauliza.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Sijui kwa nini. Kichwa changu hujibu kabla yangu, na hujibu ndiyo kila mara. Akatoka, akaniacha.

Nilifungua gesi, kisha nikaanza kutafuta kiberiti. Nilipowasha, moto ulitoka nje puu, ukanilamba mkono. Vinyweleo vyote vya mkono wa kulia vimekwisha, na jikoni kukanuka kama kichwa cha mbuzi kinachochomwa. Sikupiga kelele. Nilifungua dirisha ili asinuse.

Keki iliinuka vizuri sana. Niliitazama kupitia kioo nikaanza kumwona Mama akicheka. Halafu, dakika kama ishirini hivi, ikakaa chini polepole, kama mtu anayeinuka kutoa ushuhuda kanisani halafu akasahau. Ilipotoka, katikati palikuwa na shimo la kutosha yai.

Mama Kim alikuja, akaitazama. “Mm,” akasema. Akaikata vipande, akavipanga kwenye kopo la plastiki, akafunga kifuniko, akaliweka juu ya kabati. Hakuniambia ni la nani.

28 Novemba

Nimeambia Mama ilikuwa nzuri.

1 Desemba, Jumatatu

Keki ya pili. Niliongeza kijiko cha beking pauda, kwa sababu kama kitu hakisimami, si unakiongezea nguvu? Iliinuka haraka kuliko ya kwanza na ikalala haraka kuliko ya kwanza.

“Mm,” akasema Mama Kim.

Kopo tena. Lakini leo nimeona linakoenda. Nilipokuwa nikiosha vyombo, pikipiki ilisimama langoni. Ilikuwa ya Kipkirui. Nikamsikia Mama Kim akimwambia, “Fikisha hii kwa Kogo. Mwambie ni ya yule msichana.”

Nilishika ukingo wa sinki. Maji yalikuwa yamefurika, na sikuwa nimeyaona.

Wanakusanya ushahidi. Hakuna neno lingine ninaloliona. Siku ya harusi, au kabla yake, mjomba yule atasimama na kusema: mlituambia fundi.

2 Desemba

Nimempigia Anti Purity nikiwa chooni ili Mama asisikie. Anti akacheka. “Apondi, wewe ulipika samaki wa matanga ya Babu ukiwa na miaka kumi na mbili. Keki itakushinda? Hapo ni beking pauda. Ongeza.”

4 Desemba, Alhamisi

Sitaki kuandika, lakini nikinyamaza nitaota.

Nilitia vijiko vinne. Keki ilipanda hadi ikamwagika kando ya tini, ikadondoka chini ya oveni na kuanza kuungua. Moshi ukajaa. Nikafungua mlango, nikashika tini kwa kitambaa kibichi. Kumbe kitambaa kibichi kinapitisha moto. Nina lengelenge refu kama kidole kwenye kiganja cha kushoto.

Mama Kim alikuja mbio. Kwanza alifunga gesi. Kisha akanishika mkono, akauweka chini ya bomba, akaushikilia hapo muda mrefu. Mkono wake ni mgumu na mkavu.

“Umesoma mpaka fomu foo?” akauliza.

Nikatikisa kichwa.

“Mm.”

Alikwangua kilichobaki cha keki hiyo, kile kisichoungua, na hata hicho akakiweka kwenye kopo. Hata hicho. Inaendelea kwenda Ziwa kila mara, na huko Kogo anahesabu.

5 Desemba

Mvua usiku kucha. Akumu anasema kwa kina Kipkirui wameanika mahindi ndani ya nyumba hadi kwenye viti.

6 Desemba, Jumamosi

Leo jioni vijana wa kanisa walipita barabarani wakiimba nyimbo za Krismasi, kundi kubwa. Mama alikuwa akishona gauni la Akumu. Aliacha sindano, akafunga dirisha, akazima redio, akakaa kitandani mikono mapajani mpaka sauti zikaisha.

Hufanya hivyo kila mara akisikia watu wengi pamoja. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, kabila lao na letu, nilikuwa na miezi minne. Alinifunga mgongoni, akamshika Akumu mkono, na wakalala uwanja wa kanisa siku nyingi pamoja na wengine. Baba alikuwa hai bado. Mama hajawahi kunisimulia. Ni Akumu aliyeniambia.

Nilidhani atalala, lakini akasema gizani, “Watu wale ni wazuri. Kipkirui ni mtoto mzuri. Nimemkubali na roho yangu yote.” Halafu akasema, “Lakini hiyo keki, Apondi. Isije ikasemwa tuliwapa kitu kibaya waende nacho kwao.”

Miaka yote nimefikiri Mama ni mtu wa kujisifu. Leo nimejua kwamba siku ile mjomba alipouliza, Mama aliogopa, na mtu akiogopa husema lolote. Mimi hutikisa kichwa. Yeye husema fundi.

7 Desemba

Kanisani nilimwona Mama Kim mbele. Nilijificha nyuma ya nguzo.

8 Desemba, Jumatatu

Sikwenda. Nilisema mkono unauma. Nimepika maharagwe.

Niliyaweka saa mbili asubuhi. Saa tano bado yalikuwa magumu, nikaongeza maji, nikakumbuka kwa Babu, huko Ahero, karibu na Kisumu. Kwa Babu unaweka maharagwe, unafagia boma, ukirudi yameiva. Huku Eldoret unaweka maharagwe, unafagia, unafua, unaanua, na bado yanakutazama tu. Kila mtu anajua hivyo. Mama husema ni baridi.

Lakini si baridi. Mwalimu wetu wa fizikia, Bwana Ondiek, alitufundisha tukiwa kidato cha pili. Huku tuko juu. Hewa ni nyepesi, haikandamizi, kwa hivyo maji yanachemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani nikapata alama zote tatu, kisha nikalisahau, kwa sababu lilikuwa la kwenye karatasi.

Nilisimama na mwiko. Kama hewa haikandamizi maji, basi haikandamizi keki pia. Keki inaruka juu upesi kwa sababu hakuna kinachoizuia, na inafika juu kabla haijapata mifupa. Halafu inaanguka. Na mimi kila mara nimekuwa nikiisukuma iruke zaidi.

Karatasi ya Anti ni ya Kisumu. Si mbaya. Ni ya huko chini tu.

Maharagwe yaliiva saa saba.

9 Desemba, Jumanne

Nusu kijiko cha beking pauda. Sukari nimepunguza. Maziwa nimeongeza, kwa sababu kama maji yanachemka mapema, basi yanaisha mapema pia. Nilisali nikiwa nimeshika mlango wa oveni.

Haikuinuka sana. Iliinuka kidogo, ikasimama, ikabaki hapo hapo.

Mama Kim akaja. Sikusikia mm. Aliinama, akaigonga kwa kidole.

“Leo umepunguza pauda,” akasema.

Nikatikisa kichwa.

“Na maziwa ni mengi.” Akavuta kiti, akakaa. “Nilifundisha miaka ishirini na mbili. Kila mwaka hao watoto wa Kisumu na Mombasa walikuwa wa kwanza kulaza keki. Wa kwanza kabisa. Ningekuambia siku ya kwanza. Lakini ulikuja na karatasi yako, mama yako amesema wewe ni fundi, mimi nikakuuliza unajua oveni ukasema unajua. Nikasema, wacha fundi afanye.” Akanitazama. “Nilidhani unaringa.”

Mimi. Kuringa. Nilitaka kumwambia kwamba kila nikifika langoni kwake husimama nihesabu hadi thelathini kabla ya kubisha.

“Naogopa,” nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza kamili nyumbani kwake.

“Unaogopa nini?”

“Oveni.”

Kati ya vitu vyote ninavyoogopa, hicho ndicho kilichokuwa kidogo. Lakini aliinuka, akanionyesha: kiberiti kwanza, kisha gesi. Moto kwanza, gesi baadaye. Mara sita alinifanya niwashe na kuzima, kama mtoto wa nasari. Mara ya sita sikufumba macho.

Hii pia aliiweka kwenye kopo. Nilifurahi. Angalau ushahidi mmoja uwe mzuri.

12 Desemba, Ijumaa

Kipkirui alikuja kumsalimia Mama. Mvua imewaharibia magunia mengi, lakini harusi haisogezwi. Aliponiona akasema, “Apondi, Kogo anakuulizia wewe. Anasema anaingoja keki yake kwa hamu.”

Alitabasamu. Sikuweza kula.

15 Desemba

Keki mbili, zote zimesimama. Mama Kim anasema mkono wangu ni mwepesi. Sasa tunakunywa chai tukiwa tumekaa.

18 Desemba, Alhamisi

Tumeoka ya maharusi na ya Mama. Zote zimeiva. Nilichoma kijiti katikati kikatoka safi. Kesho ni ya Kogo. Nimeiacha mwisho ili iwe mpya zaidi.

19 Desemba, Ijumaa

Naandika haraka. Kuna kitu nimefanya.

Mama Kim alienda kanisani kupanga viti. Nilikuwa peke yangu. Keki ya Kogo ilikuwa na dakika thelathini kati ya hamsini nilipoona hakuna mwanga chini. Nikachuchumaa. Moto umezima. Nilifungua na kufunga gesi, nikatikisa mtungi. Mwepesi. Gesi imeisha.

Nilisimama tu. Sikukimbia kwa jirani, sikupiga simu. Nilisema, oveni bado ni moto, itajimalizia, kama ugali unavyojimalizia ukifunikwa. Niliiacha saa nzima. Ilipotoka ilikuwa na rangi nzuri kama zile nyingine. Nilichoma kijiti pembeni, mahali patatu. Safi, safi, safi.

Katikati sikuchoma.

Hapo ndipo mambo yote yalipo. Nilishika kijiti juu ya katikati, na mkono ukakataa kushuka, kwa sababu kama sijui, basi bado inaweza kuwa imeiva. Nikaipaka krimu nyeupe, nikaizungushia maua ya sukari, hadi hata mimi sikuweza kuona juu yake.

Mama Kim alirudi saa kumi na moja, akaizunguka mara mbili. “Hii ndiyo nzuri kuliko zote,” akasema. “Imeiva?”

Nikatikisa kichwa.

20 Desemba, Jumamosi

Nilifika kwake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na sikuhesabu hadi thelathini kwa sababu ningehesabu hadi thelathini ningerudi. Alifungua akiwa na kitambaa kichwani na mswaki mdomoni.

“Mama Kim, keki ya Kogo sijui kama imeiva katikati. Gesi iliisha. Nilikudanganya.”

Maneno yalitoka yote pamoja. Nilitazama ndara zake. Zilikuwa za bluu.

Alitema povu kwenye maua ya nje, akafuta mdomo. “Ingia.”

Tuliinyanyua pamoja, mikono minne, tukaiegemeza kando huku nikiishikilia ukingoni. Alichukua kisu chembamba, akakata chini yake kitobo kidogo cha duara, akavuta. Kilichotoka mwanzo kilikuwa keki. Kilichofuata kilikuwa uji.

Sikulia. Nikaona sebule ya Ziwa, watu wote wamekaa, Kogo anaingiza kisu, na uji unamwagika kwenye meza. Nikamwona Mama akifunga dirisha, na safari hii asilifungue tena.

“Muite mama yako,” akasema Mama Kim.

Mama hajawahi kuingia nyumba hiyo. Alikuja amevaa gauni lake la kwenda harusini, viatu vya nyumbani, nusu ya nywele imesukwa. Alisimama mlangoni mwa jikoni mpaka Mama Kim akamvutia kiti. Hakukaa. Alitazama kitobo. Alinitazama mimi. Nilisubiri.

“Zinafanana?” Mama akauliza. “Hii na ile yangu?”

“Zinafanana,” akasema Mama Kim. “Ni maua tu.”

“Basi yangu iende Ziwa. Hii nipe mimi.”

“Mama Akumu, na wewe kesho utakuwa na wageni.”

“Wageni wangu watakula chapati.”

Mama Kim akacheka. Sijawahi kumsikia. Ni kicheko cha puani, kama mtu aliyemeza maji vibaya. Na Mama, ambaye midomo yake ilikuwa imekauka kabisa, akaanza kucheka pia. Wakashikana mikono juu ya ile keki mbichi. Mimi ndiye niliyebaki na woga peke yangu.

“Wewe usitikise kichwa tena kwangu,” Mama Kim akaniambia huku akiziba kitobo kwa krimu. “Una mdomo.”

Saa nane, mbele ya watu wote, Akumu na Kipkirui walimkabidhi Mama keki yake. Mama aliipokea kwa vigelegele, akacheza nayo kutoka jukwaani hadi kwenye kiti, akiwa ameishika sawa sawa kama ndoo iliyojaa. Hakuna aliyejua kwa nini alicheza kwa uangalifu hivyo. Kisha Kogo akasimama na fimbo yake, mdogo, amekunjamana, hana meno hata moja. Alipokea ile nyingine, akanitafuta kwa macho katika watu wote wale, akanipata nyuma ya spika ya muziki.

Alinitazama muda mrefu. Hakutabasamu.

21 Desemba, Jumapili

Sikuenda kanisani. Nilikaa jikoni nikijua kwamba wakati wowote sasa wanakata. Nilikuwa na uhakika ile imeiva. Nilichoma kijiti mwenyewe. Lakini kwa nini alinitazama vile?

Saa kumi Mama Kim alibisha. Alikuwa ametoka Ziwa moja kwa moja, viatu vina tope. Mama alimtolea ile keki yetu, wakala ukingo wake wakiacha katikati.

Niliuliza. Mimi mwenyewe, kwa mdomo. “Kogo alisemaje?”

Mama Kim akaweka kikombe chini. “Alikasirika.”

Mama akaacha kutafuna.

“Watu wote walisifu. Mjomba alikula vipande vitatu. Lakini Kogo alionja, akaniambia, hii si ile yangu. Hii inasimama. Mimi sina meno, nataka ile ya kulala.” Akanigeukia. “Tangu Novemba anakula zile zako. Napeleka kila moja; zile zilizosimama hakuzigusa. Zile kando ngumu walikuwa wanapewa watu wa kuvuna, na chai. Katikati ni ya Kogo. Anaweka maziwa juu, anamaliza. Sasa anasema jana alikuangalia sana akitaka kukuuliza, lakini ulijificha kwa spika. Ameagiza ya Krismasi. Ukapike, na ukampelekee mwenyewe.”

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Dirisha lilikuwa wazi, na huko nje watu walikuwa wakipita wengi wakiimba.

Nimetafuta karatasi ya Anti Purity, nimeinyoosha. Oveni ina gesi mpya. Siku ni nne. Naogopa kama siku ya kwanza: mkono wangu umeshajua kusimamisha keki, na nahofia safari hii itakataa kulala.